Kazi Inaanza Kituoni: Kuishi na Fibromialgia na Bado Kwenda Kazini Dar es Salaam

Mtu mwenye fibromialgia anayekaa Mbagala, Gongo la Mboto au Mbezi na kufanya kazi Posta, akifika mezani saa mbili asubuhi ameshafanya kazi ya saa tatu. Ameamka saa kumi na moja alfajiri na usingizi ambao haukumshibisha, ameoga maji ya ndoo, amesimama kituoni, amening'inia kwenye bomba la gari saa nzima mabega yakiwa yamepanda masikioni, kisha ametembea juani hadi ofisini. Halafu anashangaa, na bosi wake anashangaa, kwa nini ikifika saa tano tu kichwa kimejaa ukungu na mikono inauma kama ya mtu aliyepigwa. Sisi tunaoishi na ugonjwa huu tumejifunza polepole, tena kwa gharama, kwamba kubaki kazini kunaamuliwa zaidi na saa zilizo nje ya kazi. Safari, nguo za kufua, jiko, misiba na wikiendi ndivyo vinavyokula nguvu ya ofisini. Hesabu inaanzia huko.

Kwanza tuelewane tunazungumzia nini. Fibromialgia ni maumivu yaliyoenea mwilini kwa angalau miezi mitatu, yakiambatana na uchovu mzito, usingizi usiopumzisha na kichwa kinachosahausahau. Misuli haiozi wala viungo haviliki. Shida iko kwenye ubongo na uti wa mgongo, jinsi vinavyopokea taarifa za maumivu: mguso mdogo, baridi ya kiyoyozi, mshindo wa tuta barabarani, vyote vinapokelewa vikiwa vimekuzwa. Ndiyo maana eksirei inatoka safi, damu inatoka safi, na mgonjwa anaambiwa anadeka. Vigezo vya mwaka 1990 vilidai daktari abonyeze sehemu 18 na angalau 11 ziume. Vile vilivyorekebishwa mwaka 2016 vinahesabu maeneo yanayouma kati ya 19, vinapima uchovu, usingizi na kumbukumbu, na vinataka maumivu yawe katika angalau kanda nne kati ya tano za mwili. Kabla ya kwenda hospitali chora mwili wa mtu kwenye karatasi, mbele na nyuma, utie alama kila palipouma wiki iliyopita. Karatasi hiyo itamsaidia daktari kuliko kusema "mwili wote unauma", neno ambalo analisikia mara ishirini kwa siku.

Mjini kwetu mwili kuuma na kuchoka kuna majina matatu yaliyo tayari: malaria, taifodi na UTI. Mtu anazungushwa humo mwaka mzima. Kipimo cha Widal kinachotumika sana kutafuta taifodi kinaangalia kinga iliyomo kwenye damu, na kinga hiyo inaweza kuwa imebaki kutokana na maambukizi ya zamani, kwa hiyo majibu yanaweza kusema unayo taifodi wakati huna. Unapewa antibiotiki, unapata nafuu ya siku mbili tatu ambayo ingekuja yenyewe, kisha unarudi pale pale. Malaria ipimwe kabla ya kunywa dawa, kila mara. Na kabla ya kukubali jina la fibromialgia, omba yafutwe magonjwa yanayofanana nayo: picha kamili ya damu, ESR (kipimo cha damu kinachoonyesha kama kuna uvimbe mwilini), kipimo cha tezi ya shingo, sukari, figo, ini na VVU. Kiungo kilichovimba na kupata moto, homa ya kurudi rudi, kukonda bila sababu, mguu unaopoteza nguvu, mkojo au choo kutoka bila wewe kujua: hizo si dalili za fibromialgia, na yeyote anayekuambia ni "yale yale yako" umkatalie urudi hospitali. Ukianzia zahanati, rufaa ya kwenda hospitali ya Amana, Temeke au Mwananyamala inakufikisha kwa daktari bingwa wa magonjwa ya ndani. Mabingwa wa baridi yabisi ni wachache nchini, na daktari wa magonjwa ya ndani anaweza kabisa kuusimamia ugonjwa huu.

Sasa turudi kituoni.

Kusimama saa moja umeshika bomba la juu kunaumiza kuliko kukaa saa moja na nusu. Mkono ukiwa juu ya kichwa, misuli ya bega na shingo inakaza mfululizo bila kulegea, na msuli uliokaza hivyo haupitishi damu ya kutosha. Kwa mtu asiye na ugonjwa huu ni uchovu wa nusu saa, kwetu ni maumivu ya siku mbili. Kwa hiyo geuza na gari. Panda daladala linaloelekea mwisho wa njia, lipa nauli mara mbili, ukae, rudi nalo. Kwenye mwendokasi asubuhi anzia kituo cha mwisho kama Kimara, na jioni panda Kivukoni, hata kama ni lazima uachie gari moja lipite ili upate siti kwenye linalofuata. Nauli ya kugeuza ihesabiwe mwanzoni mwa mwezi, kwa siku zote 22 za kazi, pamoja na pesa ya dawa. Wengi wanaiona anasa. Sisi tunaiona tiba, kwa sababu siku moja ya kukosa kazi kwa kibarua ni ghali kuliko nauli hizo za wiki nzima.

Ukikosa siti, usishike bomba la juu. Tafuta nguzo na uishike chini ya usawa wa kifua, ubadilishe mkono kila kituo. Begi liwe sakafuni katikati ya miguu, na lisizidi kilo mbili: chaja, chupa ya maji na viatu vya ofisini vibaki kazini. Bodaboda inaokoa muda lakini mtikisiko wake unaingia mgongoni moja kwa moja. Kwenye bajaji kaa katikati ya kiti na umwambie dereva mapema, "Kaka, taratibu kwenye matuta, mgongo wangu mbovu." Hupaswi kuona haya. Ukifika kazini, keti dakika kumi kabla ya kugusa chochote. Dakika hizo zikikosekana, asubuhi yote inakuwa ya kukimbizana.

Tukija kwenye kazi yenyewe, kosa kubwa ni kupima nguvu kwa hisia. Siku mwili ukiwa mwepesi unafanya yote yaliyolala, unasafisha kabati la mafaili, unarudi nyumbani unafua mashuka. Malipo hayaji siku ile. Yanakuja baada ya saa 24 hadi 48, kwa hiyo Jumatano unalaumu mvua ilhali kosa lilifanyika Jumatatu. Dawa yake ni saa na daftari. Kwa siku saba andika kila kazi ulifanya dakika ngapi hadi maumivu yakaanza kupanda, kabla hayajakushinda. Tuseme kuchapa kompyuta umepata 40, 25, 50, 30, 20, 45 na 35. Jumla ni 245, gawa kwa saba unapata 35. Punguza robo: inabaki kama 26. Weka 25. Hicho ndicho kipande chako cha kuchapa. Simu iweke itetemeke kila dakika 25, na ikitetemeka unasimama hata kama unajisikia vizuri, hasa kama unajisikia vizuri. Pumzika dakika tatu hadi tano kwa kubadilisha mkao: aliyekaa asimame, aliyesimama akae, mabega yazungushwe mara tano, macho yatoke kwenye skrini. Kuperuzi simu ukiwa umeinamisha shingo si mapumziko.

Kipande hicho kikishikika wiki mbili bila mwili kuwaka, yaani bila maumivu kulipuka kuliko kawaida yako, ongeza sehemu moja ya kumi, yaani dakika mbili au tatu tu. Wanaoshindwa hapa hushindwa kwa namna moja: wanaongeza siku nzuri na kukata siku mbaya, mwili unapanda na kushuka kama maji ya bahari. Lengo ni siku zifanane. Ni kazi ngumu kwa mtu aliyezoea kusifiwa kwa uchapakazi, na tunajua inavyouma kuacha kazi ikiwa nusu wenzako wakitazama.

Kila kazi ina mahali pake pa kurekebisha. Wa dawatini ainue laptopu juu ya rimu mbili tatu za karatasi hadi skrini ifikie usawa wa macho, atumie kibodi ya pembeni, miguu iguse sakafu. Asikae chini ya upepo wa kiyoyozi. Ikishindikana, khanga au mtandio mabegani kuanzia asubuhi, kabla misuli haijakakamaa. Fundi cherehani aachane na benchi lisilo na mgongo. Kiti chenye egemeo, mto nyuma ya kiuno, na meza inayoacha viwiko vining'inie bila kuinua mabega. Kitambaa kikatwe juu ya meza ya usawa wa kiuno, kamwe sakafuni, na mkasi unolewe: mkasi butu unakamua kiganja hadi usiku hakifungi. Mwalimu asiandike juu ya kichwa chake. Atumie sehemu ya ubao iliyo usawa wa kifua na kufuta mara nyingi zaidi, na daftari 60 za kusahihisha azigawe 15 kwa mkao mmoja. Muuza duka Kariakoo anayesimama kutwa awe na kiti kirefu nyuma ya kaunta na kitofali cha kupumzishia mguu mmoja baada ya mwingine. Mama ntilie anaumizwa zaidi na majiko ya chini. Jiko likiinuliwa juu ya matofali hadi usawa wa mapaja, na sufuria kubwa moja ikawa mbili za kati, mgongo unapata unafuu siku hiyo hiyo.

Ukungu wa kichwa nao una saa zake. Kwa wengi wetu, safari ikiwa haijatumaliza, akili iko wazi kati ya saa tatu na saa sita mchana. Hesabu, barua zenye uzito na maamuzi vikae humo, kupanga mafaili na kupiga simu kubaki alasiri. Maagizo ya mdomo yaandikwe pale pale, mbele ya aliyeyatoa, kisha umsomee. Na usitume pesa kwa simu ukiwa umechoka bila kusoma jina la mpokeaji kwa sauti kabla ya namba ya siri. Tarakimu mbili zikibadilishana nafasi, pesa imeshakwenda.

Nyumbani ndiko tunakofilisikia. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20, na kuibeba kwa mkono mmoja kunapinda mgongo wote. Madumu mawili ya lita tano, moja kila mkono, yapelekwe kwa safari mbili. Kukuna nazi juu ya mbuzi kunataka uiname nusu saa na kusukuma kwa bega lile lile. Brenda, au kumwomba kijana wa gengeni akukunie, inatosha. Kufua si tatizo kubwa kama kukamua: shuka na jinzi ziachwe zichuruzike kwenye kamba, na nguo zigawanywe kwa siku nne za wiki badala ya Jumamosi moja. Kama unaye binti au kijana wa kukusaidia, mpe kukamua na kubeba maji, wewe ubaki na kupika ukiwa umekaa.

Kisha kuna msiba. Hakuna mtu wa Dar anayeweza kuukwepa, na hatupendekezi ukwepwe. Kinachotuangusha ni kukaa mkekani kwa muda wa saa nne, kuosha masufuria ya matanga na kulala kwenye sakafu. Ukifika mapema chagua kazi ya kitini: kuandika michango daftarini, kupokea wageni, kumenya vitunguu. Mwambie mmoja wa wakubwa, "Mama mdogo, mgongo hauniruhusu kukaa chini, naomba kiti, nitashika daftari." Ukisema mwanzoni unaheshimiwa. Ukisubiri hadi unyanyuke na kuondoka katikati, maneno yatakufuata. Siku inayofuata msiba isipangiwe kazi nzito ofisini kama unaweza kuihamisha.

Usingizi hautengenezwi kwa kulala mapema tu. Saa ya kuamka iwe moja, hata Jumapili, isipishane zaidi ya saa moja. Miezi ya Desemba hadi Machi joto peke yake linaamsha mtu mara tatu: oga kabla ya kulala, khanga yenye unyevu kidogo miguuni, na feni isipulize shingoni. Kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu viishie mchana, kwa sababu kafeini huchukua kama saa tano kupungua nusu. Unachokunywa saa kumi na moja jioni, nusu yake bado iko kwenye damu saa nne usiku. Kulala mchana kunafaa kama hakuzidi dakika 20 na kumekwisha kabla ya saa tisa.

Kuhusu dawa tutakuwa wafupi, ila tunasema kwa msisitizo. Diklofenaki ya duka la dawa, ya vidonge au sindano, inatibu uvimbe, na fibromialgia haina uvimbe. Unaweza kupata vidonda vya tumbo na shida ya figo kabla ya kupata nafuu. Prednisoloni nayo haisaidii ugonjwa huu. Tramadoli inazoesha. Inayotumika sana kwa kuwa ni ya bei nafuu ni amitriptilini, kwa dozi ndogo ya miligramu 10 hadi 25 usiku, chini ya ile ya kutibu sonona. Lazima aiandike daktari, hasa kama una matatizo ya moyo, presha ya macho au kifafa, na haichanganywi na tramadoli bila yeye kujua. Inyweni saa moja au mbili kabla ya kulala. Ukiimeza unapoingia kitandani, asubuhi utakuwa na kizunguzungu kituoni. Mdomo unakauka na choo kinakuwa kigumu, kwa hiyo maji na matunda. Ipewe wiki nne hadi sita kabla ya kuihukumu. Duloksetini na pregabalini ni nyingine zinazotumika, nazo ni ghali zaidi.

Katika mapendekezo ya EULAR, jumuiya ya Ulaya ya wataalamu wa baridi yabisi, kitu pekee kilichopewa uzito wa juu kabisa ni mazoezi, juu ya dawa zote. Wagonjwa wengi wanalikataa hili kwa sababu walijaribu vibaya: walianza kwa dakika 30, wakaanguka siku tatu. Anza kwa dakika tano za kutembea, siku tatu kwa wiki, mwendo unaokuruhusu kuongea. Ongeza dakika moja kila wiki, ufike 20 au 30. Anayekaa karibu na bahari ana bahati kubwa, maana mazoezi ndani ya maji yanasaidia vizuri na maji yanaubeba mwili. Tembea kwenye maji ya kiunoni, asubuhi za siku ambazo maji yamejaa. Yakiwa yamekupwa utajikuta unatembea mita mia mbili kwenye matope na mawe kabla ya kuyafikia, na nguvu zimeisha.

Kwa mwajiri, nenda na ombi linalohesabika. "Shikamoo bosi. Naomba dakika kumi. Nina ugonjwa wa maumivu ya muda mrefu, natibiwa, hii hapa barua ya daktari. Ripoti za mwezi nitazimaliza kama kawaida. Naomba niingie saa tatu nitoke saa kumi na mbili nikwepe foleni, na nisimame dakika tatu kila nusu saa. Tujaribu wiki sita, kisha tuangalie kazi yangu." Bosi anaelewa muda na matokeo, habari za mishipa na ubongo hana la kufanya nazo. Jua pia haki yako. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu, kwa cheti cha daktari aliyesajiliwa. Anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo ana haki ya mapumziko ya angalau dakika 60. Siku hizo za ugonjwa usizimalize kwa mafungu ya wiki wiki. Moja moja, mwanzoni mwili unapowaka, zinafika mbali.

Maana mwili utawaka hata ukifuata yote haya: mvua za masika, hedhi, mtoto kuumwa, foleni ya saa nne nzima Ubungo. Siku hiyo chagua kazi moja tu ambayo haiwezi kusubiri. Usilale kutwa, kwa sababu misuli inakakamaa na kesho inakuwa mbaya zaidi. Kila saa nyanyuka utembee chumbani dakika mbili. Taulo iliyochovywa maji ya moto iwekwe shingoni na kiunoni dakika 15, joto la kuvumilika mkononi. Ukirudi kazini, anza na nusu ya vipande vyako kwa siku tatu, dakika 25 ziwe 12, ndipo upande tena. Na ujumbe wa kumtumia msimamizi uandikwe mapema, siku ambayo kichwa kiko sawa, uhifadhiwe kwenye simu, utumwe kabla ya saa kumi na mbili asubuhi: "Shikamoo. Leo maumivu yamezidi, sitaweza kufika. Ripoti ya jana iko kwenye barua pepe yako. Simu yangu iko wazi kuanzia saa nne. Kesho natarajia kuwepo."